Barua kwa mwanangu: kiongozi akirudi ziara, uliza amesaini nini

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia wamekupanga uwanja wa ndege, kuripoti viongozi wanaporudi kutoka ng'ambo. Waandishi wengi hutoka pale na sentensi moja tu, "ziara imekuwa na mafanikio makubwa", na msomaji anabaki mikono mitupu.

Kiongozi akisema "tumesaini", muulize papo hapo: mmesaini nini? Hati ya makubaliano kwa kawaida ni nia ya kushirikiana, na mara nyingi haimbani mtu. Mkataba wa serikali kwa serikali unaifunga nchi. Kwetu Tanzania, kama masharti yake yanataka uridhiwe, Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inaupeleka bungeni. Kisha kuna mkataba wa mradi wenyewe, wenye muda, malipo na adhabu. Vyote vitatu hupigwa picha ileile: meza, kalamu, bendera, makofi. Ndiyo maana wahariri hudanganyika.

Chukua bandari ya Dar es Salaam. Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Dubai kwenye maonesho ya Expo 2020, zilisainiwa hati za makubaliano 36, na mojawapo ilikuwa ya Mamlaka ya Bandari na DP World, kampuni ya Dubai inayoendesha bandari. Vichwa vya habari vikabeba matrilioni. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo ukasainiwa mkataba kati ya Tanzania na Dubai. Bunge likauridhia 10 Juni 2023, na hapo ndipo nchi nzima ikaanza kubishana, hadi maaskofu Katoliki wakatoa tamko na Mahakama Kuu Mbeya ikasikiliza kesi na kuitupa Agosti. Mikataba ya uendeshaji ilisainiwa Dodoma 22 Oktoba 2023. Hiyo ndiyo iliyotaja muda wa uendeshaji, miaka 30. Ule wa serikali kwa serikali haukuwa na idadi ya miaka, na jambo hilo ndilo lililowauma wengi. Kutoka picha ya Dubai hadi mkataba wenye muda ni miezi 20. Aliyekuwa na nakala mkononi aliweza kumweleza msomaji ni karatasi ipi inagombaniwa. Asiyekuwa nayo alirusha maneno ya pande mbili tu, na mimi naona huko ni kumwacha msomaji gizani.

Kwa hiyo fungua daftari la ziara: tarehe, waliosaini, aina ya hati, kiasi, sarafu, hatua inayofuata na nani anawajibika nayo. Rudi kwenye ukurasa huo baada ya miezi mitatu, kisha sita.

Ikiwa ni mkopo, usiridhike na jumla yake. Tafuta riba, kipindi cha neema (muda kabla ya kuanza kulipa), muda wa marejesho na sarafu. Sarafu hupuuzwa sana. Deni la dola milioni 100, dola ikiwa shilingi 2,300, ni shilingi bilioni 230. Dola ikifika 2,600 linakuwa bilioni 260, wala hatujakopa senti nyingine. Pia tenganisha fedha zilizoahidiwa, zilizosainiwa na zilizokwisha kutolewa, kwa sababu fedha zilezile huweza kutangazwa katika ziara tatu.

Taarifa ya Ikulu isome sambamba na ile ya nchi mwenyeji au benki husika. Lililoachwa upande mmoja mara nyingi limeandikwa upande wa pili, hasa masharti.

Gharama za msafara hutazipata uwanjani. Tafuta fungu la safari za nje kwenye vitabu vya bajeti, kisha subiri ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo hukabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili.

Uwanjani utapata nafasi ya maswali mawili ukibahatika. La kwanza liwe aina ya hati. La pili: tutaisoma wapi, na lini? Akijibu "mtajulishwa", liandike jibu hilo kama lilivyo, pamoja na tarehe.

Mzazi wako