Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: vifo vitajwe kwa umri

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu na heshima. Ombi langu la kwanza ni hili: lile jedwali la vyanzo kumi vikuu vya vifo duniani, linalonukuliwa kila mahali, lisitolewe tena bila kugawanywa kwa umri.

Chukua la mwaka 2021. Juu kabisa upo ugonjwa wa moyo unaotokana na kuziba kwa mishipa, takriban asilimia 13 ya vifo vyote. Wanafuata UVIKO-19, kiharusi na magonjwa sugu ya mapafu. Ajali za barabarani hazimo kabisa katika hayo kumi. Lakini shirika lako lenyewe limetamka kwamba ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29, na kwa umri wote huchukua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka. Waziri wa fedha akisoma jedwali la jumla peke yake, atatoa wapi sababu ya kujenga njia za waenda kwa miguu au kudhibiti mwendo wa magari? Wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4.

Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni chanzo cha tatu cha vifo. Familia nyingi hulificha jambo hili, na ndiyo maana naomba liandikwe waziwazi.

Wachanga nao wana yao. Karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 hutokea ndani ya siku 28 za kwanza, wengi wakiwa njiti au waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa kimya hukaushwa, husuguliwa mgongo, na asipopumua hupewa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Kinachotakiwa hapo ni mkunga aliyefunzwa na kifaa kilicho tayari karibu yake.

Kuna la pili, na ndilo linaloniuma zaidi. Jedwali huonyesha umri wa kufa, halionyeshi umri ambao hatari ilianza. Mtu wa miaka 35 mwenye presha ya juu, ya 150 kwa 95, anapanda ngazi, anafanya kazi, analala vizuri, wala hasikii chochote. Kiharusi kikimpata akiwa na miaka 58, ataandikwa kwenye safu ya watu wazima, ilhali nafasi ya kumwokoa ilikuwepo zaidi ya miaka ishirini kabla. Sigara ni hivyo hivyo: huanzwa ujanani, saratani ya mapafu huja uzeeni.

Kwa hiyo, kando ya kila chanzo paandikwe visababishi vyake vya hatari na umri ambao kwa kawaida huanza. Takwimu hizo mnazo. Naomba jedwali la namna hiyo liwekwe mbele ya mawaziri katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ujao, kila nchi ikiwa na lake.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa somo la afya