Mume wangu anataka tukazeekee Dodoma, mimi nasita

Ndugu Mshauri, nakusalimu wewe na wasomaji wenzangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefikisha miaka 60 mwaka jana, naishi Sakina hapa Arusha. Nimefundisha jiografia sekondari kwa miaka 33. Mume wangu ana miaka 66, alikuwa dereva wa watalii. Kuna jambo tunabishana tangu Juni. Hatujagombana, lakini hatujaelewana pia, na mwisho wa mwezi huu inabidi tuwe na jibu.

Mzee wangu ana baridi yabisi. Anayekuja Arusha Desemba na kurudi zake hawezi kujua baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilivyo. Ukungu unashuka kutoka Mlima Meru, jua unalitafuta mpaka saa sita mchana, na siku nyingine halitoki kabisa. Sisi tuko upande wa juu, nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu hazijakauka. Asubuhi moja ya Julai nilitoka jikoni na chai nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, shati liko wazi, anahangaika na kifungo cha pili. Vidole vilikuwa vimevimba, havikunji. Sijui alikuwa amekaa pale muda gani. Niliweka kikombe chini nikamfungia vifungo vyote, kimoja kimoja, naye akawa anaangalia dirishani. Huyu ni mtu aliyekuwa akiendesha gari kutoka Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, kwa siku moja, akibadilisha tairi njiani peke yake. Hakusema neno. Jioni tukiwa tunakula ndipo akasema, "Mwalimu, mimi hapa sitazeekea."

Hospitali wametueleza vizuri kwamba jua halitibu ugonjwa huu. Dawa na mazoezi ndiyo msingi, ila wagonjwa wengi husikia viungo vikikakamaa zaidi wakati wa baridi. Mume wangu ameshika hilo la mwisho, na kwa kweli simlaumu, maana nimeona kwa macho yangu.

Wazo la kuhamia kwenye ukame alilipata kazini. Kwa miaka mingi alibeba wageni wazee wa Kimarekani, na wengi walimsimulia jinsi watu wa kwao wakistaafu wanavyokimbia theluji na kuhamia jangwani Arizona. Wanakwenda Tucson, au Sun City, mji uliofunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya wastaafu. Huko jua linawaka karibu mwaka mzima, mvua haba, nyumba nyingi ni za chini zisizo na ngazi. Maneno hayo yalimkaa. Nilipoanza kufuatilia nikamwonyesha upande wa pili: Phoenix, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo hilo, mwaka 2023 ulipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au kuzidi. Joto la namna hiyo linaua wazee. Wenzetu wanalivuka kwa kiyoyozi usiku na mchana, na umeme huo sisi hatuna pa kuutoa. Akanijibu kwamba hajasema twende Arizona. Amesema twende Dodoma.

Hapo alinishika, maana Dodoma naijua kwa vitabu. Siyo jangwa, ni nusu jangwa. Inapata mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka, wakati Phoenix haifiki hata nusu ya hizo. Msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, kisha mvua inakatika mpaka mwisho wa mwaka. Na kwa kuwa mji uko juu, mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, joto lake siyo lile la Dar linalokubandika shati mgongoni. Ukavu ndio anaoutaka mzee.

Basi Agosti tukapanda basi alfajiri, tukapita Babati na Kondoa. Lami yote siku hizi. Tulikaa siku tisa kwa binti wa dada yangu, anaishi Nkuhungu. Ndugu Mshauri, siku ya nne mume wangu alitoka kwenda dukani kununua vocha akasahau fimbo mlangoni. Aliporudi nikamwonyesha ile fimbo. Tukaangaliana. Tangu siku hiyo ameshaamua.

Mimi nami niliona mengine. Maji ya bombani pale tulipofikia yalikuwa na chumvi, sabuni haitoi povu, na chai ilikuwa na ladha ambayo sikuizoea mpaka tunaondoka. Yalitoka siku tatu katika hizo tisa. Siku nyingine tulitumia ya kwenye simtanki. (Najua Arusha nako maji yetu yana floraidi kutoka kwenye miamba ya Meru, meno ya watoto wetu ni ushahidi, kwa hiyo sijidai.) Halafu upepo. Mchana unavuma vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria, na usiku kwa mwezi ule kulikuwa na ubaridi wa kuvaa sweta. Nikajiuliza, tumeuona mwezi mmoja tu. Oktoba na Novemba, jua likiwa la utosini na mvua bado, kifua cha mzee wa miaka 66 kitasemaje? Na Januari njia za mitaani zikijaa tope?

Sasa niseme habari ya fedha, kwani hapo ndipo penye mzizi wa barua hii.

Mkupuo wangu, ile fedha ya kustaafu inayolipwa mara moja, ulitoka kama shilingi milioni 53. Nashukuru nilistaafu baada ya kikokotoo, yaani sehemu ya mafao inayotolewa kwa mkupuo, kupandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 kwenda 40; waliotutangulia kidogo walilia. Pensheni ya mwezi ni kama 530,000. Mume wangu hana pensheni yoyote, maana kwa zaidi ya nusu ya miaka yake alifanya kazi ya msimu, bila mkataba wa maana. Kadi yangu ya bima inatuhudumia wote wawili. Nyumba ya Sakina ni yetu, vyumba vitatu, tuliijenga tofali kwa tofali kuanzia 1998. Akiba yetu nyingine ni ng'ombe wawili.

Mzee anataka tununue kiwanja Nala, nje kidogo ya Dodoma, milioni 11, tujenge vyumba viwili, na baadaye tuuze Sakina. Madalali wa hapa wanamwambia asiharakishe kuuza, wanasema bei zitapanda kwa ajili ya uwanja wa mpira unaojengwa Olmoti kwa mashindano ya AFCON ya 2027. Mimi kuuza sitaki kabisa, si leo wala baada ya uwanja. Nyumba hii ndiyo kitu pekee ambacho tukishindwa huko tutarudi kujiegemeza. Naijua Sheria ya Ndoa ya 1971, kwamba mume hawezi kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mke. Lakini sijaolewa miaka 35 ili nije nimwonyeshe mume wangu kifungu cha sheria, na naomba msinishauri nianzie huko.

Kiwanja chenyewe kinanitia shaka. Muuzaji ana karatasi ya zamani ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamishiwa Manispaa, ambayo sasa ni Jiji. Anasema karatasi hiyo inatosha, tukaandikishane serikali ya mtaa mbele ya mashahidi. Nilimwomba nakala nikafanye upekuzi ofisi ya ardhi, akasema nakala atatoa tukishalipa nusu. Mwalimu mwenzangu alilipia kiwanja namna hiyo kwa fedha ya mkupuo, akakuta kina wenye nacho watatu. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Siku hizi hapokei simu zetu.

Mimi nilikuwa na wazo langu. Kwetu ni Same. Kwa wasiopafahamu, Same mjini mvua zinazotoka bahari ya Hindi zinaishia upande wa pili wa milima ya Upare, huku chini kunabaki jua na katani. Ni kukavu vya kutosha kwa viungo vya mtu. Maji yalikuwa shida kubwa, lakini mradi kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa miaka mingi. Kaka yangu yuko tayari kutupa eneo la kujenga bila kulipa. Hospitali ya KCMC iko Moshi, kama kilomita 100 kwa lami, na ndiko faili la mume wangu liliko. Kwa hesabu za fedha, Same inaishinda Dodoma mbali sana.

Amekataa. Hakupandisha sauti, alisema tu, "Mwanaume haendi kuzeekea ukweni." Yeye ni Mchagga wa Machame, mtoto wa katikati. Kwao nyumba ya baba imebaki kwa kitinda mimba, kama desturi ilivyo, na kwenye kihamba, shamba la ukoo, yeye ana sehemu ya kuzikwa, hana ya kujenga. Na kule juu ni baridi kuliko hata hapa. Nilipotaja Moshi mjini, ambako kuna joto, akasema kila Jumamosi tutakuwa na mchango wa harusi au msiba, pensheni yangu itaishia kwenye bahasha. Hilo nalikubali.

Naelewa pia kwamba Dodoma kwake ni mahali ambapo hatakuwa mgeni wa mtu. Siyo ukweni, siyo kwa mdogo wake. Amekuwa akinitegemea kwa fedha tangu utalii ulipokufa wakati wa korona mwaka 2020, na sasa ananitegemea mpaka kufungwa vifungo. Nadhani anataka mahali atakapojiona tena ni mwenye nyumba. Nikilifikiria hilo nashindwa kumwambia hapana.

Lakini nani atakuwa karibu nasi huko? Binti wa dada yangu ni mtumishi, anaweza kuhamishwa wakati wowote. Mtoto wetu wa kwanza yuko Dar, anasema treni ya SGR inayofika Dodoma tangu 2024 itamleta mara kwa mara, na hospitali ya Benjamin Mkapa iko pale pale. Ni kweli. Lakini shemeji yangu wa Machame aliniuliza swali ambalo sijalala nalo vizuri: mmoja wenu akitangulia, huyo atakayebaki atakaa na nani Nala? Hapa Sakina nina jumuiya, nina kikundi cha kinamama cha miaka 14, jirani akiona mlango haujafunguliwa saa mbili anagonga.

Nimempa mzee pendekezo moja. Tukapange Dodoma mwaka mzima, chumba na sebule, Sakina tuipangishe ili kodi yake itulipie kule. Tuone Novemba yake, tuone Januari yake, tujue maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, magoti yake yatajibu yenyewe. Mkupuo nisiuguse. Anasema mtu wa miaka 66 hapangi, na kwamba mwaka wa kujaribu ni mwaka uliopotea katika michache aliyobakiza. Mwenye kiwanja amesema anatusubiri hadi tarehe 30.

Nawaomba waliohamia Dodoma baada ya kustaafu, hasa mliotoka mikoa ya baridi, mniambie ukweli: viungo vilipata nafuu ya kudumu, au ilikuwa ya miezi ya kwanza? Maji ya Nala yakoje? Karatasi za CDA mlizihalalishaje, mlianzia ofisi gani? Nanyi kinababa mliopanga nyumba uzeeni, au mliojenga upande wa wake zenu, ni maneno gani mliambiwa mkakubali bila kujisikia mmeshushwa? Hayo ndiyo ninayoyatafuta zaidi, kabla ya tarehe 30.

Mwalimu mstaafu,
Sakina, Arusha