Dada, huyo kijana mwache apotee njia kidogo

Dada yangu, naandika hapa wazi manake kwa simu tukianza hii stori tunaishia kugombana, na najua hauko peke yako, wamama wengi hapo Busia ya Uganda mko na kijana amemaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, amekaa nyumbani anangoja matokeo na mnamchunga kama mtoto wa P.4, darasa la nne.

Matokeo hutoka Februari au Machi, chuo kinafungua Agosti. Hio miezi yote katikati umempangia nini? Juzi nasikia umemnunulia mpaka sabuni ya kuoga. Sabuni, dada! Mtu wa miaka 19 ana ndevu.

Huyu amekaa shule ya bodi tangu P.5. Kengele ndio ilimwamsha, kengele ndio chakula, kengele ndio kulala, pesa yake inakaa kwa matroni anamgawia elfu mbili mbili, simu marufuku. Halafu Agosti unamtupa hosteli Kikoni, hapo karibu na Makerere, kengele hakuna, na ada ya semesta nzima iko kwa simu yake. Kwani umesahau yangu? Semesta ya kwanza ada niliimaliza kwa wiki sita, sio ati nilikua mlevi, ni vile tu sijawahi kushika pesa inayozidi elfu ishirini, nikanunua viatu, nikakopesha marafiki (hawajalipa mpaka leo), kila usiku chipsi na kuku, siku ya mtihani nikazuiliwa mlangoni. Mzee nilimdanganya niliugua malaria, akafa anaamini hivyo.

Sasa mpe pesa ya soko ya wiki nzima. Akiimaliza Jumatano, mle posho (ugali) na maharage mpaka Jumapili, na wewe ukiwemo, usitoe nyingine kwa siri. Na laini yake ya simu mbona bado iko kwa jina lako wakati kitambulisho cha taifa anacho? Aende mwenyewe apange foleni aibadilishe. Mambo ya mkopo wa serikali wa wanafunzi pia aulize yeye, asome fomu, aone kwa macho yake kwamba huo mkopo unalipa ada lakini chumba na chakula vinabaki kwako, labda hapo atajua bei ya hizo chipsi.

Akikwambia hataki chuo anataka ufundi wa umeme, tafadhali usilie. Fundi umeme hapo mpakani anakula vizuri kuliko watu wawili wenye digrii ninaowajua, mmoja ni mimi.

Jumatatu mpandishe matatu aje kwangu Ntinda, huku Kampala. Peke yake. Nauli alipe yeye kwa kondakta, akishuka taxi park, stendi ya matatu, aulize njia, kupotea atapotea lakini mdomo anao. Na usinipigie kila saa ati sa hii yuko Iganga, sa hii yuko Jinja. Akifika atakupigia mwenyewe, na akisahau, dada yangu, utavumilia mpaka asubuhi.

Mdogo wako