Barua ya Malalamiko: Fonti Mliyoniuzia Haiwezi Kuandika ng'

Arusha

Meneja, Huduma kwa Wateja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FONTI YA MWANDIKO WA MKONO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Natengeneza kadi za harusi nyumbani, kwa kompyuta ya mezani yenye Windows 10. Mwezi uliopita nilinunua kwenu fonti ya mwandiko wa mkono kwa shilingi 35,000. Fonti za bure zimejaa mtandaoni, lakini tangazo lenu lilisema hii "inafaa kwa Kiswahili", na ni maneno hayo yaliyonitoa hela mfukoni.

Kusakinisha hakukunishinda, ingawa maelekezo yenu yamepungua. Hamkusema kwamba kwa njia mliyoeleza fonti inakuwa ya mtumiaji mmoja tu; binti yangu anayenisaidia alipoingia kwa akaunti yake hakuiona. Ikabidi niigundue mwenyewe ile njia ya kuisakinisha kwa watumiaji wote. Hilo nimelisamehe.

Nisilolisamehe ni hili. Kadi ya kwanza ilikuwa ya harusi ya Mang'ola, kule Karatu. Nilipoandika jina hilo kwenye Word, herufi zote zilitoka na mikunjo yenu mizuri, isipokuwa ritifaa, yaani ile alama ndogo ya juu inayofuata ng. Yenyewe ilikaa pale katikati, nene na nyeusi, kama nzi aliyetua kwenye shela la bibi harusi. Nikaongeza ukubwa, nikapunguza, nzi yupo palepale.

Nilikaa usiku mzima nikitafuta kisa chake. Word ina tabia ya kubadilisha ritifaa iliyonyooka, yenye namba U+0027 kwenye orodha ya herufi za kompyuta, kuwa iliyopinda, U+2019. Nilipoipekua fonti yenu herufi kwa herufi, ile iliyonyooka ipo, iliyopinda haipo, kwa hiyo Word inaazima kutoka fonti nyingine. Na ukiifungua fonti kabla ya kuisakinisha, Windows inakuonyesha ile iliyonyooka tu, nawe unaridhika kwamba kila kitu kipo. Nikazima mpangilio huo wa Word ili nitumie iliyonyooka. Ikatoka kweli, lakini mmeiachia nafasi pana kushoto na kulia hadi jina likasomeka kama maneno mawili, "Mang" na "ola". Times New Roman niliyoikuta kwenye kompyuta inaandika ng' bila taabu yoyote.

Nilipowapigia, kijana wenu wa huduma kwa wateja alinijibu, kwa upole kabisa: "Mama, si uandike tu bila hicho kialama, watu wataelewa." Nenda Mang'ola ukawaambie wazee wa ukoo hivyo, halafu usubiri wakukaribishe chai. Ng'oa na ngoa si neno moja, na aliyepitia darasa la pili anajua.

Muda ulikuwa umekwisha, nikapeleka kadi ikiwa na ile nafasi. Steshenari nako nikakuta jambo la pili: fonti yenu imefungwa isiambatane na faili la PDF, hivyo Word iligeuza maandishi kuwa picha, na kingo za herufi zikatoka na vimenomeno. Sharti hilo halikuandikwa popote kwenye tangazo. Kadi 150 kwa shilingi 1,500 kila moja ni shilingi 225,000, na nimezirudia zote kwa fonti nyingine kwa gharama yangu, kwa sababu mteja wangu hakuwa na kosa.

Naomba mnirudishie shilingi 35,000 za fonti na hizo 225,000 za uchapaji. Fonti irekebishwe iwe na ritifaa iliyopinda yenye nafasi inayostahili, na kabla ya kuiuza tena mjaribu kuandika ng'ombe, ng'ambo na ung'ong'o. Mpaka hapo, yale maneno ya "inafaa kwa Kiswahili" yaondolewe kwenye tangazo.

Nimeambatanisha risiti ya malipo, picha ya kadi iliyoharibika na risiti ya steshenari. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Simu za pole nimeshapokea za kutosha.

Wenu,
Mteja, mtengeneza kadi