Umekojoa lini mara ya mwisho?

Malaba, Jumapili jioni

Mwanangu,

Sisi hapa hatujambo. Mwanao anatambaa sasa, na jana aliufikia mlango kabla bibi yake hajamwona. Mama yako ameniambia umepata kazi ya utaniboi, kumsaidia dereva, kwenye trela la Juba, na kwamba mnaondoka Kampala Alhamisi. Nimefurahi sana. Habari za barabara dereva wako atakufundisha mwenyewe. Mimi nakuandikia habari za maji, maana hizo sisi madereva hatuna desturi ya kufundishana.

Mnakwenda wakati wa jua kali. Kuanzia Desemba, ukishavuka Nile pale Karuma, hewa hubadilika. Ukifika Gulu utaona midomo inakauka, na Elegu, mpakani na Sudan Kusini, ndipo joto lenyewe. Juba mwezi wa Februari na Machi joto hukaribia nyuzi 40, nanyi mmekaa juu ya injini.

Mwaka mmoja, wewe ukiwa bado unanyonya, nilikwama siku tatu kwenye foleni ya mpakani. Choo kilikuwa mbali na cha kulipia, na gari sikuthubutu kuliacha kwa kuogopa wezi wa mafuta. Nikaona dawa ni kutokunywa, ili nisipate haja. Asubuhi soda moja, mchana natafuna mairungi (miraa), jioni chai nusu kikombe. Siku ya pili kichwa kikaanza kugonga. Usiku misuli ya miguu ikanikaza hadi nikapiga kelele. Nikawa mkali, nikagombana na rafiki yangu kwa sababu ya kiberiti. Nikasema hii ni malaria, nikanunua vidonge dukani bila kupimwa, nikameza. Siku ya tatu niliposhuka kwenye kabini nikaona giza, nikalishika gurudumu nisianguke.

Mama aliyekuwa akituuzia chakula alinikalisha kivulini. Hakuniuliza kama nina homa. Aliniuliza, "Dereva, umekojoa lini mara ya mwisho?" Nilifikiri sana. Ilikuwa jana yake asubuhi, kidogo tu, na rangi yake kama chai ya rangi.

Alinikorogea maji ya sukari na chumvi, akanikataza kuyagida. Funda, pumzika, funda tena. Kabla ya magharibi nikakojoa, kichwa kikaanza kuwa chepesi. Kesho yake nilikwenda kupima damu, na malaria haikuwepo.

Ndiyo maana nakuambia, usingoje kiu. Kiu huchelewa, na ukiwa na shughuli au mairungi mdomoni huwezi kuitofautisha. Tazama mkojo wako kila unaposhuka njiani. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu kama maji ya limau, uko sawa. Ukianza kukolea na kunuka, kunywa. Ukipita nusu siku bila haja, tafuta kivuli na maji kabla ya jambo jingine. Vidonge vingine vya vitamini huugeuza mkojo kuwa manjano kali, kwa hiyo angalia pia kama ni mwingi au ni matone. Mate mazito, midomo kupasuka, kichwa kuuma alasiri, kizunguzungu unaposimama, uchovu usiolingana na kazi uliyofanya, zote hizo ni dalili za maji kupungua. Homa ikikushika, kapime malaria, usikisie kama nilivyokisia mimi. Lakini unywe maji hata ukiwa njiani kwenda kupima.

Sasa dereva wako. Ni mtu mzima, na kadiri mtu anavyozeeka kiu humpungukia hata mwili ukiwa umekauka. Hatakuambia. Wewe uliye kiti cha pili ndiye wa kumwona. Mtu wa kilo 60 akipungukiwa na maji ya kilo moja na kitu tu, akili huanza kuchelewa. Utaona anavuka matuta bila kupunguza mwendo, anasahau gia, anakasirika bila sababu. Usimwambie amechoka, atakataa. Mwambie wewe una haja, asimamishe gari, kisha mpe chupa. Uongo huo nakuruhusu.

Mkipakua mzigo juani, mtu huweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa. Hapo kunyweni kila mara kidogo kidogo, na mle chakula chenye chumvi, kwa sababu jasho linatoka na chumvi. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku mwili unawaka moto, hata kama bado anatoka jasho, hilo si la kungoja. Mvueni nguo, mmwagieni maji, mpepeeni, na mtafute hospitali papo hapo. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, atapaliwa.

Beba pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kukoroga kwenye maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini, hata tano. Zipo kila duka la dawa. Soma kwenye pakiti ni maji kiasi gani. Zikiisha, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu. Chumvi usiizidishe hata kidogo. Ukiharisha njiani, na wewe tumbo lako nalijua, anza kuyanywa tangu choo cha kwanza.

Mtoto usimwogopee. Mama yako amemwonyesha mkeo: akiharisha, amtazame utosi kama umebonyea, macho kama yameingia ndani, kama analia bila machozi, na nepi kama imekaa kavu kwa muda wa saa sita. Akimfinya ngozi ya tumbo ikachelewa kurudi, au mtoto akilegea na kukataa titi, moja kwa moja kituo cha afya, hata usiku. Huku njiani anaendelea kunyonyeshwa.

Kuna jerikeni ya njano ya lita 5 nimemkabidhi kijana wa basi akuletee. Nimeiosha mara tatu kwa maji ya moto na kifuniko chake kinabana vizuri. Weka maji yaliyochemshwa, ifunge nyuma ya kiti chako, na asitokee mtu akaitia dizeli hata mara moja, maana harufu yake haitoki tena. Nipigie mkifika Karuma.

Baba yako