Mafundi wa simu za ofisini waanzie nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa vijana wanaosomea TEHAMA hapa Dodoma na ofisi zinazotarajia kuwaajiri. Tangu Serikali ihamie hapa na wizara zianze kujengewa ofisi Mtumba, simu za mezani zinazopitisha sauti katika nyaya zilezile za mtandao wa kompyuta zimekuwa jambo la kawaida, lakini kwa ninavyoona katika kazi yangu ya ufundi mitandao, mhitimu anayeweza kukaa mbele ya mtambo wa simu hizo na kueleza kwa nini ekstensheni fulani (namba ya simu ya ndani ya ofisi) haiiti bado ni wa kutafutwa kwa tochi.

Sababu inayotajwa kila mara ni gharama. Husemwa kwamba mitambo ya kampuni kama Cisco na Avaya inataka seva kubwa na leseni za kulipia, na kwamba mwanafunzi aliyepanga chumba Nkuhungu hataweza kuimudu. Kuhusu leseni sina ubishi, ila hoja hiyo inachanganya mtambo na elimu ya mtambo. Asterisk, programu ya PABX (mtambo wa kuunganisha simu za ndani ya ofisi) iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, hupatikana bure, na kwa simu mbili tatu za kujifunzia inatosheka na kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 2. Simu zenyewe si lazima zinunuliwe: weka Linphone, programu ya kupigia simu kupitia mtandao, kwenye simu ya mkononi na kwenye laptopu, ziunganishe zote na ruta ya nyumbani, na utakuwa na ekstensheni mbili zinazopigiana bila kugusa bando. Itifaki ya SIP (kanuni za kuanzisha na kukata simu mtandaoni) zinayoitumia, ambayo sanifu yake kuu ilitolewa mwaka 2002, ndiyo inayotumiwa pia na mitambo mikubwa ya maofisini.

Faida kubwa ya maabara ya namna hii ni kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuiharibu. Afungue Wireshark, programu ya kuonyesha pakiti (vipande vidogo vya data) zinazopita mtandaoni, simu ikipigwa, naye ataona ujumbe wa INVITE, yaani ombi la kupiga simu, ukitoka, jibu la 180 upande wa pili ukianza kuita, 200 mtu akipokea, kisha pakiti za sauti zikianza kumiminika. Baada ya hapo aongeze ruta ya pili na kuiweka simu moja nyuma yake. Hapo anaweza kukutana na tatizo linalowasumbua mafundi kuliko lolote ninalolijua: simu inaita na inapokelewa, aliye nyuma ya ruta anasikika vizuri, lakini yeye mwenyewe hasikii kitu. Jibu liko ndani ya ule ujumbe wa INVITE, ambamo simu imeandika kwamba sauti itumwe kwenye anwani kama 192.168.1.20, anwani ya ndani isiyofikika kutoka nje. Dawa mojawapo ni kuuamuru mtambo urudishe sauti kule pakiti zilikotoka badala ya kuiamini anwani iliyoandikwa. (Baadhi ya ruta hujaribu kuirekebisha anwani hiyo zenyewe, na mara nyingi huongeza tatizo juu ya tatizo.) Aliyehangaika na kosa hili usiku chumbani kwake hatalisahau akilikuta kazini, na hatakimbilia kubadilisha kebo isiyo na hatia.

Kuna pia hesabu ambazo maabara hiyo huzifanya zionekane. Sauti ya kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 ni kilobiti 64 kwa sekunde, lakini hutumwa kwa pakiti 50 kila sekunde, na kila pakiti yenye baiti 160 za sauti hubeba baiti 40 za anwani na maelekezo, hivyo simu moja huchukua kilobiti 80 kila upande kabla hata ya kuhesabu baiti zinazoongezwa na Ethernet, yaani mtandao wa kebo wenyewe. Kodeki ya G.729 hubana sauti hadi kilobiti 8, lakini mzigo ule wa baiti 40 haupungui, na jumla inakuwa 24; bahasha imekuwa nzito kuliko barua. Fundi anayepanga kuunganisha makao makuu yaliyo mjini na tawi la Kondoa au Mpwapwa kwa laini nyembamba asipoijua hesabu hii ataahidi asichoweza kutoa.

Tahadhari mbili hazina budi kutolewa. Mtambo wa majaribio usifunguliwe kwa intaneti, kwa kuwa zipo programu zinazozunguka usiku na mchana zikibisha hodi kwenye mlango wa 5060, ambao SIP huutumia kwa kawaida, na kubahatisha nywila, na zikifanikiwa katika mtambo wenye laini ya kupigia simu za nje, mwenye mtambo huletewa bili ya simu za ng'ambo. Pili, kujifunza ni jambo moja na kuwauzia majirani huduma ya simu ni jambo jingine, linalohitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Yapo ambayo chumba cha kupanga hakiwezi kuyafundisha, na hapa ndipo penye ombi langu. Simu ya mezani hupata umeme wake kupitia kebo ya mtandao kutoka kwenye swichi maalumu, na swichi hiyo ikizimika simu zote hunyamaza, tofauti na simu za zamani za waya wa shaba zilizopata umeme kutoka kwa kampuni ya simu. Kutenga sauti na data katika VLAN mbili (mitandao iliyotenganishwa ndani ya vifaa vilevile), kukadiria UPS, yaani betri ya akiba, itakayobeba swichi umeme ukikatika, na kuipa sauti kipaumbele mtandao unapojaa ni kazi zinazotaka vifaa halisi. Vifaa hivyo vipo, vimerundikwa katika stoo za ofisi zilizokwisha kubadilisha mitambo, vikila vumbi. Naziomba ofisi hizo, baada ya kufuta taarifa zilizomo na kufuata taratibu za kuondosha mali za umma, zifikirie kuvikabidhi kwa vyuo vya hapa mkoani, na vyuo navyo vimtahini mwanafunzi kwa kumpa mtambo ulioharibiwa makusudi autengeneze, pamoja na mtihani wa karatasi.

Fundi mitandao,
Ipagala, Dodoma