Daraja likiisha, nani atasimama Pangani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mkaanga samaki hapa kivukoni Pangani, mkoani Tanga, mwaka wa kumi na tisa sasa. Juzi kijana mmoja aliyekuwa anakwenda Mkwaja alinunua kibua mmoja na muhogo, akaegemea pikipiki yake, akaniambia, "Mama, mji wenu umelala sana. Subiri daraja liishe, utaamka." Nikamjibu, "Mwanangu, hatujalala, tunasubiri pantoni." Waliokuwepo wakacheka, nami nikacheka, lakini usiku usingizi ulinipaa.

Kwa asiyepafahamu: mto unaoshuka kutoka huko Kilimanjaro na Meru unaingia baharini hapa kwetu. Mji uko upande wa kaskazini, Bweni iko kusini, katikati ni pantoni, na hapo ndipo linapojengwa daraja. Anayetoka Tanga kwenda Kipumbwi au Saadani, na hata mtalii anayekwenda kuogelea Ushongo, hana budi kuzima gari na kusimama karibu na karai langu. Tangazo jingine sina.

Nimejifunza kukaanga kwa kusikiliza. Mlango wa pantoni ukigonga zege upande wa Bweni, mlio unafika mpaka huku. Hapo najua nina kama robo saa: nachochea makaa, nageuza vibua walioiva nusu, nakata ndimu. Magari yakianza kuteremka nahesabu kwa macho. Basi dogo ni samaki kumi na tano, siku nyingine ishirini. Lori la nazi ni wawili, dereva na utingo wake. Gari la watalii ni picha tu, ila dereva wao hurudi nyuma ya kibanda akala wake haraka haraka asionekane.

Samaki nao wana saa yao. Mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga, na maji yakitoka sana boti kubwa haziingii. Zinangoja nje mpaka bahari ianze kujaa. Siku hizo mnada unachelewa, dalali anaanza kunadi jua likiwa juu, na wachuuzi wenye matenga ya kupeleka Tanga wanagombania kilichopo mpaka sisi wa karai moja tunabaki kuangalia. Kusi likivuma Juni na Julai kuna siku napata tasi wadogo tu, wa kula paka. Mgeni akipita saa nne asubuhi akatukuta tumekaa barazani, anasema watu wa pwani hawana kazi. Tunaangalia maji, ndugu zangu. Ukikosea kuyasoma, siku yako imekwisha.

Niseme na lililo la aibu kidogo. Siku pantoni inapoharibika ndiyo siku ninayouza. Foleni inavuta mpaka juu, watoto wanalia njaa, na mimi naazima karai la pili kwa jirani. Nimewahi kumlipia binti yangu ada ya muhula kwa ubovu wa pantoni wa siku tatu.

Lakini simpingi anayejenga. Mwaka 2009 mdogo wangu alishikwa na uchungu Bweni usiku wa manane, pantoni imelala, hospitali iko ng'ambo hii. Tulimvusha kwa mtumbwi, mimi nimeshika tochi mdomoni na mikono yangu miwili imemshika yeye, kafi inagonga maji na hakuna anayesema neno, maana mto huu una mamba. Tulifika salama. Mtoto yu mzima, wenzake wanamwita Mtumbwi mpaka leo na hapendi. Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya daraja kana kwamba sijui faida yake.

Ninalouliza ni hili. Daraja lina urefu wa mita 525, nalo ni sehemu ya barabara ya kilomita 256 kutoka Tanga kupita Pangani na Saadani hadi Bagamoyo. Gari lililotoka Tanga halitakuwa na sababu ya kusimama kwetu. Dereva atakanyaga mafuta. Hata hao wageni wachache walioniuliza Bushiri alinyongwa wapi mwaka 1889, au zile nyumba za Mtaa wa India zenye roshani za mbao zilikuwa za nani, waliuliza kwa sababu pantoni ilikuwa ng'ambo na hawakuwa na la kufanya.

Basi tutawafuata barabarani, hiyo ndiyo akili ya kila mchuuzi. Na ninajua yatakayofuata. Tutasimamisha vibanda vya miti na turubai, tutauza miezi sita, kisha asubuhi moja tutakuta X nyekundu kwenye kila nguzo na kuambiwa tumevamia hifadhi ya barabara. Wakati huo viwanja vyote vizuri vya karibu na daraja vitakuwa vimeshazungushiwa seng'enge na watu tusiowafahamu. Nililisema hili kwenye kikao, nikajibiwa tuwe na subira. Subira tunayo, tumeifanyia kazi miaka yote.

Naomba wahusika waamue sasa, lami ikiwa bado haijakauka: magari yatasimama wapi upande huu na wapi upande wa Bweni, wachuuzi wa kivukoni tupangwe hapo kwa majina, pawe na choo, bomba la maji na kivuli. Na kuwe na kibao kinachomwonyesha dereva njia ya kuingia mjini. Si mambo ya fedha nyingi. Jiko nitabeba mwenyewe kichwani.

Wakipenda kunijibu, wajibu hapahapa gazetini. Gazeti lako hunifikia likiwa la wiki iliyopita, kwa ajili ya kufungia samaki, lakini huwa nalisoma kwanza.

Mkaanga samaki,
Kivukoni, Pangani